Matairi Yaliyolala Matanga

Rudewa,
S.L.P. 214,
Kilosa.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Generoza,

Shikamoo Shangazi. Naisikia marahaba yako kutoka huko Mbinga, ile unayoivuta mwishoni, nami naipokea kwa mikono miwili. Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Kahawa mmefikia wapi kuchuma? Nasikia mwaka huu imebeba vizuri, na nimefurahi, maana mwaka jana ulilalamika mpaka nikaona aibu kula.

Sisi huku tu wazima. Kile kifua changu cha masika kimeniachia, wanangu wanasoma, na kuku wanataga kuliko wakati wowote. Kuku hawajui kama kuna vikao vya familia, ndiyo maana wanafanya kazi.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Nimeandika kwa mkono kwa makusudi. Sauti ninayokutumia kwa simu asubuhi, jioni inasikilizwa na ndugu wa Kisanga, na kesho yake mtu ananikuta sokoni ananirudishia maneno yangu mwenyewe. Hii nimeifunga ndani ya kitenge nilichokununulia, na dereva wa basi ameahidi kumkabidhi binti yako Celestina mkononi. Uisome ukiwa peke yako. Nataka usikie jambo hili tangu mwanzo, kwa kuwa najua mwisho wake umeshapelekewa na wengine.

Umeambiwa kuwa gari aliloniachia Baba linatikisika. Umeambiwa linatikisika kwa sababu marehemu kaka yako hataki niliendeshe. Na umeambiwa kuwa mimi ni mkaidi. Hilo la kwanza lilikuwa kweli. La pili nitakueleza hapa, halafu upime mwenyewe. La tatu ni kweli pia, na sina mpango wa kupona.

Wanataka gari liuzwe, Shangazi. Mimi nasema haliuzwi. Barua yote hii ni ya hilo.

Gari lenyewe unalijua, ile Probox nyeupe aliyoinunua Baba baada ya shamba la katani kufungwa na trekta aliloendesha huko kubaki bila kazi. Macho yalipoanza kumharibikia, mimi ndiye niliyeshika usukani. Nilimpeleka kliniki, nilimpeleka kanisani, nilimpeleka kuwaona wazee wenzake. Kwa gari hilo hilo leo napeleka mayai na mboga Mikumi, kwenye mahoteli na kwa akina mama wanaowapikia madereva wa malori. Wenzangu wana mashamba. Mimi shamba langu lina magurudumu.

Sasa nianze na msiba, kwa sababu daktari alikukataza safari na hukuyaona haya kwa macho yako. Tulimzika Baba Kwaresima, mvua ikimwagika. Watu walijaa mpaka hatukujua tuwaweke wapi. Ikaamuliwa stoo ya mahindi ifunguliwe ili akina mama walale humo. Magunia yakatafutiwa pa kukaa, na pakapatikana ndani ya gari la marehemu. Vijana walilaza viti vya nyuma, wakayapanga magunia mpaka yakagusa paa. Kaka Bonifas akafunga milango, akatangaza kuwa gari la marehemu lisiguswe, lisiwashwe, wala lisisogezwe hata hatua moja mpaka arobaini ipite. Alisema hiyo ndiyo heshima, na wazee wakaitikia.

Wageni wa kulala walipoondoka nilisema jamani, angalau magunia yashushwe, stoo si iko wazi? Nikajibiwa kuwa nina haraka ya mali na udongo haujakauka kaburini. Basi nikarudi jikoni nikasonga ugali. Gari likabaki uani na mzigo wake. Udongo wetu wa huku unaujua ukipata maji. Magurudumu yalizama, matairi ya nyuma yakaanza kuishiwa upepo polepole, na kila asubuhi nikitoka kufungulia kuku naliona limekaa kama kuku anayeatamia.

Misa ya arobaini ikapita. Magunia yakashushwa, matairi yakajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli, watu wakipokezana na kutokwa jasho. Kaka Bonifas, kwa kuwa ndiye mkubwa, akasema ni yeye wa kuliwasha kwanza. Akampakia katekista kumrudisha Kilosa mjini. Tulimpungia mkono.

Aliporudi alikuwa anatetemeka kuliko gari. Alishuka, akaegemea mlango, akasema mbele ya watu wote waliokuwa bado wanakula, "Jamani, Mzee yumo. Nimeshika lami tu, nikaongeza mwendo, nikamsikia yuko nyuma yangu anagonga kiti. Anagonga, anagonga! Muulizeni katekista." Akina mama wakashika midomo. Mmoja akaweka sahani chini. Tangu siku hiyo habari ikawa hiyo, kwamba Mzee Kasiani hataki gari lake liendeshwe, na hasa hataki liendeshwe na mwanamke wa mayai.

Sikufichi, Shangazi, siku ile na mimi niliogopa. Nilimpenda Baba, na mtu unayempenda akifa unakuwa tayari kumsikia popote. Lakini nilipotulia nikawaza jambo moja. Baba hakuwahi kukaa kiti cha nyuma maishani mwake. Tangu macho yamharibikie alikaa mbele, kushoto kwangu, na kila kona alinikosoa ingawa haioni. Angetaka kunikataza gari angekaa kwenye kiti chake na angesema kwa mdomo. Baba na kugonga kiti kwa nyuma kama mtoto mtukutu? Huyo siye kaka yako.

Nikachukua ufunguo nikaenda mwenyewe mpaka lamini. Kweli liligonga. Mwendo wa polepole lilipiga du-du-du kama mtu anayetwanga kwa jirani. Nilipoongeza mwendo, du-du-du zikaungana zikawa mtetemo mmoja mrefu. Ila nikagundua kitu ambacho Kaka kwa hofu yake hakukipa nafasi. Usukani ulikuwa umetulia kabisa mikononi mwangu. Mtetemo wote niliupata mgongoni na, samahani Shangazi, kwenye makalio.

Nikaenda kazini hivyo hivyo, maana wateja hawangoji. Mwanakheri, yule jirani yetu ninayefanya naye biashara, alikaa nyuma akishikilia trei za mayai. Tulipofika Mikumi khanga yake ilikuwa imelowa ute na kiini. Mpishi wa hoteli moja alifungua trei ya juu, akanitazama, akaniuliza, "Mama, leo umeleta mayai au umeleta kimanda?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Mteja akizoea kukucheka, kesho yake anaagiza kwa mwingine.

Fundi wa kwanza, ambaye jina lake naliacha, alilitikisa gari kwa mkono, akasikiliza kama daktari, akasema ni shokapu. Tukabadili shokapu za nyuma. Likagonga. Akasema basi ni bushi, zile raba za kwenye vyuma vya chini. Tukabadili bushi. Likagonga. Aliponiambia sasa anahisi ni injini nikamwambia anipe ufunguo wangu. Kaka Bonifas akapiga simu kutoka Morogoro kuniuliza, na sauti yake ilikuwa na furaha aliyoshindwa kuificha, "Umeona sasa, Domina? Mafundi wote wanashindwa. Mzee hataki." Nikamjibu kuwa fundi ni mmoja, na aliyeshindwa ni fundi.

Halafu nikaona tope. Nililala chali chini ya gari na kopo la maji, nikachungulia upande wa ndani wa rimu. Ule udongo mweusi uliogandama wakati wa msiba ulikuwa umekauka humo ndani, mgumu kama lipu ya ukuta, tena umekaa upande mmoja tu wa gurudumu. Nikaubandua kwa kijiti na kuusugua. Sikutumia panga, kwa sababu kwenye ukingo wa rimu kuna vile vipande vidogo vya risasi vya kusawazisha gurudumu, na wengi wetu huku tukikwangua tope kwa panga tunaving'oa kisha tunashangaa gari linacheza. Nilipomaliza, mtetemo ukapungua. Nilifurahi mpaka nikaimba. Siku iliyofuata nilipofika lamini nikakuta umepungua, ndiyo, lakini upo. Wimbo ukaishia hapo.

Ndipo nikalipeleka kwa Nassir. Huyu ana karakana yake ya matairi Mikumi, pembeni ya barabara kuu, na ana mashine ya kusawazisha magurudumu. Anajua kazi, ila anaongea kama redio isiyozimwa. Kabla hajagusa nati alishaanza kuniuzia matairi manne mapya. Nikamwambia aanze na mashine. Akalifunga gurudumu, likazunguka, akapachika risasi hapa na pale mpaka mashine ikaonyesha sawa. Tukaenda kulijaribu. Likagonga vile vile.

"Dada, mashine haidanganyi," akasema.

"Na mgongo wangu haudanganyi," nikamjibu.

Tulibishana pale mpaka wanywaji chai wa jirani wakageuza viti. Na ndipo nilipokumbuka bandani kwangu. Kuku akiacha kutaga, mimi sianzi kwa kumpa dawa. Namhamishia kizimba kingine na kuleta mwenzake pale alipokuwa. Asipotaga na huko, ubaya uko kwa kuku. Akitaga, ubaya uko kwenye kizimba, labda panya, labda upepo wa tundu. Nimefanya hivyo miaka yote na sijawahi kutupa hela kwa dawa ya bure. Nikamwambia Nassir, toa magurudumu ya nyuma weka mbele, ya mbele weka nyuma, halafu tuone.

Akacheka. Akaniuliza kama nimekuja na kuku wangu au na gari. Lakini akafungua nati, kwa sababu niliketi juu ya jeki yake nikagoma kuondoka.

Shangazi, tulipoingia barabarani mgongo wangu ulitulia tuli. Usukani ndio uliokuwa unatetemeka mikononi kama unashika mashine ya kusaga. Mtetemo ulikuwa umehama na magurudumu. Nassir akajipiga paji la uso kwa kiganja. Halafu akapata maneno yote kwa mpigo na kuanza kunieleza kana kwamba wazo lilikuwa lake, na mimi nikamwacha, kwa kuwa nilichokitaka nilikuwa nimekipata.

Alitaka kulitengeneza siku hiyo hiyo. Nikamkataza. Nikamwambia arudishe magurudumu kama yalivyokuwa na asiguse kitu kingine. Alidhani nimechanganyikiwa. Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua nikilitengeneza kimya kimya, Kaka Bonifas angesema marehemu ameombewa akapumzika, na kesho kutwa nati ikilegea angesema amerudi. Nilitaka akutane naye huyo anayemwita Baba, mchana, macho makavu.

Nikampigia Kaka nikamwambia nimekubali tuongee kuhusu gari, na ashukie Mikumi nimpokee. Alikuja na basi la Morogoro, amevaa shati lake la vikao. Nikampakia. Tulipokolea mwendo likaanza kugonga.

"Unamsikia?" nikamuuliza.

"Namsikia," akasema, na nikamwona ameshika mlango.

"Yuko wapi?"

"Nyuma, Domina. Si nilishawaambia? Yuko nyuma."

Nikageuza gari mpaka kwa Nassir. Magurudumu ya nyuma yakaja mbele, ya mbele yakaenda nyuma, Kaka amesimama anaangalia bila kuelewa. Kisha nikamkabidhi ufunguo nikamwambia sasa endesha wewe. Tulikuwa hatujafika mbali usukani ulipoanza kumtikisa mpaka mikono ya shati la vikao ikapeperuka.

"Na sasa yuko wapi?" nikamuuliza.

Alikaza mikono kwenye usukani. Nikamwambia, "Kaka, kama huyu ni Baba, basi Baba anakaa ndani ya tairi, na ukimfungulia nati anakwenda popote utakapompeleka. Ukitaka twende naye Dodoma." Alisimamisha gari pembeni. Mbele yetu lori lilikuwa linasubiri tembo wavuke, na sisi tukasubiri pia.

Tuliporudi karakana Nassir alilinyanyua gari kwa jeki, akasimamisha kipande cha mti karibu kabisa na tairi, akalizungusha polepole kwa mkono. Tairi lilikwaruza mti, likakwaruza, halafu mahali fulani likauacha, ukapatikana upenyo wa kupitisha ukucha. Likakwaruza tena, na lilipofika pale pale likauacha tena. Tairi la pili nalo lilikuwa hivyo. "Yamepata bapa," Nassir akasema. "Yamekaa na mzigo mzito bila upepo, waya za ndani zikafa upande uliokuwa chini. Haya hata uyasawazishe mpaka Krismasi hayatengemai, kwa sababu hayako duara tena."

Kaka Bonifas aliinama akapapasa lile bapa kwa kiganja. Nikamwambia pale ndipo magunia yake ya mahindi yalipokaa tangu mazishi mpaka arobaini. Hakuna mzimu. Matairi yalilala matanga na sisi, ila sisi tulipewa mikeka.

Nitamsifu kwa hili, alicheka. Alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, nami nikamshika bega. Tulimlilia Baba pale karakana, mbele ya Nassir na wanywaji chai, vizuri kuliko tulivyomlilia siku ya mazishi tukiwa na shughuli za kugawa wali. Nikadhani yameisha.

Nikafunga matairi mawili mapya nyuma, yakasawazishwa, rimu zikasafishwa. Safari ya kwanza Mwanakheri alisinzia na trei mapajani, akaamka Mikumi anauliza mbona nimesimama. Yai hata moja halikupasuka. Yule mpishi alifungua trei zote kutafuta la kunichekea akakosa.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita tumekaa kikao. Kaka Bonifas akasimama. Nilidhani atawaambia watu ukweli kuhusu tairi, na kweli aliwaambia, tena vizuri. Akamaliza kwa kusema kwamba kwa kuwa sasa gari limetulia, litapata bei nzuri, na ameshampata mnunuzi. Alikuwa amekuja naye kabisa, Jilala, yule mfugaji wa ng'ambo ya mto anayetaka gari la kubebea maziwa. Kwa fedha zitakazopatikana, kaburi la Baba lijengwe kwa vigae, na kitakachobaki ndugu wagawane. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Shangazi, hebu pima na wewe. Lilipotikisika lilikuwa gari la marehemu, hakuna mwingine wa kuligusa. Lilipotulia limekuwa gari la familia. Mimi niko wapi hapo katikati? Nililala chini yake kwenye tope, nikabishana na mafundi, nikabeba mayai yaliyopasuka, na siku linapopona ndipo linapopata wenyewe. Na hivyo vigae! Baba hakuweka vigae hata bafuni kwake. Alikuwa akisema vinateleza.

Nikatoa ufunguo nikauweka kiganjani, nikaunyoosha mkono katikati ya kikao. Nikasema anayeutaka aje auchukue. Sikupiga kelele, nilisema kama ninavyokuandikia. Hakuna aliyenyanyuka. Jilala ndiye aliyeongea, kwa adabu zake zote, akisimama na kofia mkononi. "Samahani wazee wangu. Mimi sinunui ng'ombe ambaye anayemkamua amekataa. Nitatafuta gari jingine." Akaaga akaondoka.

Kaka Bonifas akakasirika. Akaniuliza mbele ya wote ni nani aliyemsikia Baba akisema gari ni langu. Kadi ina jina la Baba, akasema, na maneno ya jikoni hayana shahidi. Watu wakanitazama. Nikanyamaza, Shangazi, nikaumia, kwa sababu shahidi alikuwepo na mimi sikutaka kumtaja kabla sijaongea naye.

Shahidi ni wewe.

Ulikuja Baba alipofanyiwa upasuaji wa macho ukashindikana. Ulikuwa jikoni kwangu unachambua mchicha, mimi nimeinama kwenye jiko. Baba aliingia akipapasa ukuta, akasimama mlangoni, akasema, "Generoza, gari ni la Domina. Huyu ndiye macho yangu. Nikifa wasimsumbue." Na wewe ukajibu, "Nimesikia, kaka." Kisha ukaendelea na mchicha wako. Hakuna aliyelia wala aliyeapa, ilikuwa siku ya kawaida, lakini ilisemwa na ikajibiwa.

Tangu tumemzika sijakusikia ukilisema neno hilo. Walipokuambia Baba yumo garini anagonga viti, ulinitumia ujumbe kuwa niliachie ili kuepusha shari. Niliusoma ule ujumbe nikiwa nimesimama kati ya kuku, na nikakasirika nawe, nakuambia wazi kwa sababu nakuheshimu. Najua Bonifas ndiye anayekutumia dawa ya goti. Ni mtoto mwema kwa hilo, naye ni kaka yangu na nampenda. Lakini dawa ya goti haiwezi kuwa sababu ya mdomo kufungwa.

Kikao kimeamua kuwa neno la mwisho ni lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyebaki kati ya waliotoka tumbo moja na Baba. Jumapili ya wiki ijayo baada ya misa watakupigia, na simu itawekwa sauti kubwa ili wote wasikie. Sikuombi unitetee. Sikuombi useme mimi ni mtoto mzuri, wala kuwa nastahili. Nakuomba useme ulichosikia, na mchicha uutaje ukipenda.

Mimi sitakuwepo kwenye kikao hicho. Siku hiyo Mikumi wanangoja mayai, na siwezi kukaa kwenye kiti nikisubiri kuambiwa kama kilicho changu ni changu. Ukisema ulichosikia, nitashukuru maisha yangu yote. Ukinyamaza, au ukisema liuzwe, sitaliuza. Nitajaza mafuta, nitakuja mpaka Mbinga na gari hilo hilo, nitaliegesha mlangoni pako, nitakuamkia shikamoo kama kawaida, halafu uniambie usoni kuwa hukumsikia kaka yako. Naambiwa njia ni lami tupu. Safari hii halitatikisika.

Nisalimie sana Celestina na watoto wake, mwambie yule mdogo nimesikia anaongoza darasa na zawadi yake ipo. Msalimie Mama Verdiana wa jirani na wote wa jumuiya yenu. Mwanakheri anakusalimu kwa dua zake, na wanangu wote wanakuamkia. Hata Bonifas nakufikishia salamu zake, ingawa hakunituma.

Mungu akupe afya, akupe usingizi mzuri, na akupe ujasiri siku ya kupokea simu.

Mimi mwanao nikupendaye, na nisiyeuza,

Domina Kasiani